Mwaka wa Kunyoosha Maneno

Tumemzika Dokta Magesa wiki iliyopita, na tangu nirudi kutoka msibani sijashika kazi yoyote ya maana. Nilimkuta pale Kabula, niliyesoma naye chuo, ameketi kwenye mkeka na wanawake wa mtaa, na tulipokumbatiana hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumwachilia mwenzake. Siku hizi anafundisha sekondari ng'ambo ya ziwa, na sina shaka wanafunzi wake wanamwogopa kama wangu walivyoniogopa mimi. Tulikula wali wa msiba, tukazungumza habari za marehemu kama inavyopasa: alikuwa mkali, alikuwa mcheshi, hakusahau jina la mwanafunzi wake hata mmoja. Habari za mama yake Kabula hatukuzigusa. Lakini sote wawili tulikuwa tunamfikiria yeye, na nilipofika hapa kwangu Nyakato nilivua viatu, nikakaa kitandani, nikamlilia yule mama upya, wakati msiba ulikuwa wa mtu mwingine.

Wenzangu wa rika langu wakisimulia ujana wao husimulia mambo ya kale. Wangu mimi ni wa juzi. Niliingia chuo kikuu nikiwa mwanamke anayekaribia miaka hamsini, miwani usoni na vidonge vya presha kwenye mkoba, baada ya kufundisha Kiswahili shule ya msingi mpaka chaki ikanikausha vidole. Mwaka wa mwisho wa masomo yale ndio ninaouita ujana wangu, na anayetaka kucheka acheke. Ndio mwaka niliokula saa niliyotaka, nikabishana na vijana kuhusu mambo yasiyonihusu, nikajua raha ya kuulizwa maoni yangu na mtu aliyesoma kuliko mimi. Ndio pia mwaka ulioniachia huzuni ambayo haijapoa, na nimejaribu mara nyingi kuyatenganisha hayo mawili nikashindwa.

Tulipanga chumba kimoja, mimi na Kabula, juu kwenye mawe ya Ilemela, katika nyumba ambayo ukuta wake wa nyuma ulikuwa jabali lenyewe. Fundi alifika kwenye jiwe, akaona linatosha, akaishia hapo. Masika jiwe lilitoka jasho hadi madaftari yakaota ukungu; kiangazi lilitunza joto mpaka alfajiri. Tulikuwa na vitanda viwili, jiko la mkaa kwenye baraza, na dirisha moja lililoonyesha kipande cha ziwa na ndege zikishuka kwenda uwanjani. Kabula aliniita Mwalimu, na asubuhi alinipa shikamoo kabla hajafungua macho vizuri. Mimi nilipika, yeye aliosha vyombo. Tulikula ugali wa muhogo na dagaa waliotoka kwa mama yake, siku nyingine michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa, iliyochemshwa ikapondwa na karanga, na kila tulipokula tulibishana. Ubishi wetu mkubwa ulikuwa juu ya l na r. Kabula akichangamka ulimi ulimrudisha kwao: ameludi, halaka, kalibu. Mimi mkono ulikuwa unanicheza. Nimemaliza kalamu nyekundu nyingi katika kazi hiyo na sijutii hata moja, kwa sababu mtoto atakwenda kwenye mtihani na mtihani hauna huruma. Kabula alisema siku nikifa nitasahihisha kwanza maandishi ya msalaba wangu ndipo nikubali kuingia kaburini.

Wakati huo kila mwanafunzi alikuwa na akili mnemba kwenye simu. Hilo ndilo jina la kwenye semina. Wanafunzi wenyewe waliiita Mjomba. Umekwama? Muulize Mjomba. Hujasoma? Mjomba amesoma. Mimi pia nilimtumia, tena sana, maana alinifafanulia nadharia nilizokuwa naona aibu kumuuliza kijana wa miaka ishirini na mbili, na hakuwahi kunionyesha kwamba amechoka. Dokta Magesa, aliyetusimamia sote wawili katika utafiti wa mwaka wa mwisho, hakuwa mtu wa kupiga marufuku. Alituambia tumtumie ili tuelewe, tuseme wazi pale tulipomtumia, na tumchunge sana anapogusa maneno yaliyotoka kinywani mwa mtu. Tuliandika hayo kwenye madaftari, kisha tukaenda kula.

Kabula alichagua kukusanya masimulizi ya maisha ya wanawake wanaoanika dagaa Igombe, na mmoja wa wanawake hao alikuwa mama yake. Kwa wengine aliuliza kwa ajili ya digrii. Kwa mama yake alikuwa na swali lake mwenyewe, aliloniambia siku moja tukichambua mchele. Alitaka kujua kwa nini mama alikaa na baba miaka yote ile. Baba alikuwa mtu wa kupiga, na Kabula alikua akisikia kila kitu kupitia ukuta. Sasa baba alikuwa ameshafariki, na mama hakumsema kwa ubaya wala kwa wema. Nyumbani kwao swali la namna hiyo mtoto hamuulizi mzazi. Lakini ukija na simu na karatasi, alisema Kabula, ukasema ni swali la chuo, huenda likajibiwa. Nilimwona mjanja. Nilimwona pia mtu ambaye kwa miaka mingi amebeba kitu kizito peke yake, na nikasema nitamsindikiza.

Tulikwenda wakati wa giza, siku ambazo hakuna mbalamwezi na mitumbwi hurudi imejaa. Ufukwe wote wa Igombe ulikuwa umetandazwa dagaa juu ya nyavu kuukuu, ukipita unachagua pa kukanyaga, na korongo wamesimama pembeni wakisubiri wanawake wageuze kisogo. Mama Kabula alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye sauti kubwa kuliko mwili. "Kalibu mwalimu," aliniambia, "usiogope halufu, halufu hii ndiyo ada ya shule." Tulikunywa chai ya rangi na viazi vitamu. Kabula alipomweleza kwamba maswali ameyapanga kwa msaada wa Mjomba, mama akaacha kumenya kiazi. Akauliza mjomba yupi, maana wajomba anaowajua yeye hawajampa mtoto huyu hata kalamu. Tulicheka sana, Kabula akamweleza, na mama akasema basi mashine ya watu imepewa jina baya.

Kitaalamu mhojiwa hukaa peke yake na mtafiti, kwa hiyo mimi nilipelekwa jikoni, nikapewa ungo wa dagaa nitoe mchanga na vijiwe. Kati ya jiko na chumba kulikuwa na bati tu. Sikutega sikio, lakini mwanamke yule hakuwa na sauti ya siri. Nilimsikia akieleza namna ya kumjua dagaa aliyekauka, unamvunja karibu na sikio naye anakuambia mwenyewe. Nilimsikia akimsema vibaya mnunuzi mmoja wa soko la Mwaloni, pale Kirumba, na kumwiga anavyotembea. Kisha swali lile likaja, na sauti ya Kabula ilishuka alipouliza. Mama alijibu kwa maneno machache, kisha wakaendelea na mambo ya chumvi na mvua. Wakati wa kuondoka alitufungia kiroba cha dagaa, akamshika Kabula shavu kwa mkono wenye magamba. Njiani Kabula hakusema kitu, nami nikaona ni haki yake kunyamaza, mtu aliyetoka kusikia alichosikia.

Yaliyofuata kila mwanafunzi aliyafanya. Kabula alikuwa na sauti za wanawake wengi kwenye simu. Aliipa simu ikazigeuza kuwa maandishi, na maandishi yakatoka na mashimo na vichekesho, kwa sababu mashine haikuzoea ulimi wa Igombe. Ndipo akampa Mjomba yote kwa agizo moja: nyoosha Kiswahili, ondoa makosa. Aliifanya kazi hiyo ameketi barazani na mguu mmoja kwenye ndoo ya maji, akaniambia kwa furaha kwamba kazi ya wiki nzima imekwisha na maharage hayajaiva. Mimi nilikuwa napuliza mkaa. Simu ilikuwa imejaa hata inakataa kupokea picha, kwa hiyo akafuta zile sauti, maana maneno tayari anayo. Siilaumu mashine. Iliambiwa inyooshe, ikanyoosha, na kwa kweli kilichotoka kilikuwa Kiswahili ambacho ningekipa alama zote.

Mama Kabula alifariki vuli ilipoanza. Aliugua kidogo kidogo, akafanya kazi na ugonjwa wake, na alipokubali kupelekwa hospitali hapakuwa tena na la kufanya. Tulimzika kwenye mvua. Dagaa walikuwa wamebaki ufukweni bila mtu wa kuwaanua, na harufu yao ilitufuata makaburini, na wanawake wenzake waliimba huku matope yamewafika kwenye magoti. Nimezika watu wangu wa damu na nikasimama imara, lakini siku ile niliogopa, kwa sababu Kabula hakulia. Alisalimia wageni, akawatafutia viti, akauliza nani hajala. Tuliporudi chumbani alifungua kompyuta siku iyo hiyo akaanza kuandika. Nilimwambia apumzike. Akagonga kioo kwa kidole, akasema mama yumo humu.

Alipowasilisha rasimu, Dokta Magesa alimwita ofisini, naye akaniomba niingie pamoja naye. Ofisi ilikuwa ndogo, imejaa ripoti za miaka iliyopita, na Dokta alikuwa anakula karanga. Alisema amezisoma habari za wanawake wote wale na amesikia mwanamke mmoja tu, tena ni kama mtangazaji wa redio. Akasoma kwa sauti mstari mmoja: kwa hakika, maisha ni safari yenye milima na mabonde. Akauliza ni mama gani wa Igombe aliyesema hivyo. Yeye alikulia Kirumba, alicheza mpira na watoto wa wauza dagaa, na hajawahi kumsikia.

"Ni mama yangu, Dokta," Kabula alisema. "Nimemzika juzi."

Dokta aliweka karanga chini. Alimpa pole, kisha akasema kwa upole kwamba yeye anamwamini, ila kuamini siyo utafiti. Aliomba sauti. Hazikuwepo. Akasema basi wanawake wengine wahojiwe upya, na habari za mama ziondolewe kwa sababu hazina pa kushikia. Na kama Kabula anataka zibaki, atalazimika kusimama mbele ya kamati na kueleza kwa nini asihesabiwe kwamba ametunga. Kabula alijibu kwamba akimtoa mama hana utafiti. Alisema yuko tayari kurudia mwaka, au kuacha chuo kabisa, lakini mama hatoki. Nilimtazama nikaona hatanii. Alikuwa amepoteza kila kitu cha yule mwanamke isipokuwa kurasa zile.

Niseme kwanza mwisho wa jambo hilo la chuo, maana silo linaloniliza. Kamati haikuitwa. Nilikwenda kwa Dokta mara ya pili, nikaeleza nilichokisikia nikiwa jikoni, nikakiandika na kutia saini. Alikisoma mara mbili, akavua miwani. Aliruhusu sentensi mbili za mama zibaki, kama zilivyosikiwa na shahidi, na Kabula aeleze mwenyewe ndani ya ripoti jinsi nyingine zote zilivyopotea. Wale wanawake wengine Kabula alikwenda kuwahoji upya, na safari hii aliandika kila l mahali ilipokaa. Alichelewa kumaliza, joho alilivaa mwaka uliofuata, nikaenda kumpigia vigelegele mpaka sauti ikakauka. Kwa hesabu ya chuo mambo yalikwisha vizuri. Ninaposikia leo watu wakibishana kama wanafunzi waruhusiwe au wazuiwe kutumia akili mnemba, huwa sina la kuchangia kwenye ubishi wenyewe. Ninachokifikiria ni Jumapili moja, baada ya kutoka kanisani, siku mbili tatu baada ya kuitwa na Dokta kule ofisini.

Mvua ilikuwa inapiga bati na jiwe lilikuwa linatoka jasho. Nilikuwa nimepika wali na sato, chakula cha kumbembeleza mtu, na Kabula alikuwa amekigusa tu. Aliniomba niandike kwamba nilikuwepo Igombe siku ya mahojiano, ili kamati ijue kwamba mama alihojiwa kweli. Nikasema nitaandika, lakini sitii saini juu ya kitu ambacho sijakisoma. Akanipa kurasa. Nilivaa miwani nikaanza, na nilipofika kwenye lile swali lake nikakuta jibu limeandikwa hivi: nilivumilia kwa sababu sikuwa na mahali pa kurudi, hata hivyo, nilipopata utulivu wa moyo, wewe ulikuwa tayari umefaulu masomo yako. Chini yake Kabula alikuwa ameandika uchambuzi mzuri sana, kwamba wanawake wa dagaa ni watu waliokatwa na koo zao, wasio na kwao.

"Kabula," nilimwambia, "mama yako hakusema hivi."

"Najua, Mwalimu. Amenyooshwa kidogo. Lakini maana ni ile ile."

"Maana siyo ile ile."

Aliniangalia. Hapo ndipo nilipotambua kwamba hajui. Siku zile zote nilidhani alilisikia jibu na amelihifadhi moyoni, kumbe alikuwa na hiki cha kwenye karatasi tu. Nikamwambia alivyosema mama yake, kwa ulimi wake, na ilikuwa kazi kwangu kuliacha kosa likae: "Nilikaa kwa sababu sikuwa na mahali ya kuludisha. Nilipoipata, wewe ukawa umefaulu."

Nilikumbuka neno kwa neno kwa sababu ya ubaya wangu wa kazi. Aliposema mahali ya, mkono wangu ulitoka kwenye ungo kutafuta kalamu nyekundu, na kabla sijamaliza kukasirika nikaelewa kwamba hakukosea ngeli. Alikuwa anasema mahari. Kwetu Usukumani mwanamke akitaka kutoka kwa mume, ng'ombe waliotolewa kwa ajili yake hurudi walikotoka, na kaka zake walikuwa wameshawatumia kuolea wake zao. Pa kurudi alikuwa napo. Alichokosa ni ng'ombe wa kujikomboa nao, akashuka ziwani kuwatafuta kwa dagaa. Na akawapata.

Kabula aliirudia sentensi polepole, midomo tu ikitembea. Alipofika kwenye nilipoipata alisimama. Nilijua anachokihesabu, kwa sababu aliwahi kunisimulia, kwa fahari, jinsi mama alivyouza ng'ombe wake wote mwaka ule yeye alipochaguliwa kwenda sekondari ya bweni, na jinsi hakuna aliyejua alikuwa akiwafuga kwa ajili ya nini. Nilitamani kuzuia hesabu hiyo isifike mwisho. Nilisogeza sahani, nikamshika mkono.

"Alikuwa nao," alisema. "Angeweza kuondoka. Akanipeleka shule."

Nilimwambia mama yake alichagua mwenyewe na hakuonekana mtu wa kujuta, na hayo yalikuwa kweli, lakini hayakumfikia. Ndipo alipolia kwa mara ya kwanza tangu msiba, kwa sauti, kichwa chake mapajani mwangu kama mtoto mdogo. Nililia naye. Mvua ilipungua, jirani akapita barazani akauliza kama kuna salama, nikamjibu ni salama. Kabula alinyanyuka, akajifuta uso kwa upindo wa kanga yangu. Aliniambia kwamba siku ile Igombe, mama alipokuwa akijibu, yeye alikuwa ameinamia simu, anaangalia kama bado inarekodi.

"Nilimuuliza mama swali la maisha yangu yote, Mwalimu, naye akanijibu. Unajua nilimwambia nini? Nilimwambia, asante mama, swali linalofuata."